Bakteria Wamo Bwawani Siku Zote: Mwongozo Kamili wa Kinga na Magonjwa ya Samaki wa Kufugwa

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "nitumie dawa gani?" Mtu anatuma picha ya samaki mmoja aliyekufa, tumbo limevimba, mapezi mekundu, kisha anasubiri jina la dawa. Nami humrudishia swali: leo saa 11 alfajiri oksijeni ilisoma ngapi? Wengi huona nawazungusha. Siwazungushi. Bakteria wengi wanaoua samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi, hawakuingia jana. Walikuwamo kwenye matope, juu ya ngozi, hata ndani ya utumbo wa samaki wazima. Kilichobadilika ni samaki mwenyewe, na mara nyingi kilichombadilisha kimo ndani ya maji.

Wapo bakteria wasio wa namna hiyo, wanaoletwa na vifaranga na kuua hata pale maji yalipo mazuri. Nitafika huko. Lakini mwongozo huu nimeupanga kwa mfuatano ninaoufuata mwenyewe: kinga kwanza, kisha maji, kisha mikono yetu, na dawa mwisho kabisa.

Samaki anavyojilinda

Mshike perege kwa mkono mkavu, mrudishe majini, kisha tazama kiganja chako. Ule utelezi uliobaki ndio ukuta wake wa kwanza. Ute wa samaki una vimeng'enya vinavyovunja kuta za bakteria, una kingamwili, na unatengenezwa upya muda wote huku wa zamani ukichukuliwa na maji, hivyo bakteria aliyenata juu yake huondoka nao kabla hajaigusa ngozi. Ukiupangusa, umemfungulia mlango. Niliwahi kuona vifaranga waliochambuliwa kwa ukubwa juu ya meza kavu siku ya Jumatatu. Jumatano wengi wao walikuwa na baka la kijivu mgongoni, pale pale kidole gumba kilipokaa.

Ndani ya mwili mambo ni tofauti kidogo na yetu. Samaki hana uboho wa kutengenezea damu wala tezi za limfu. Kazi hiyo huifanya figo ya mbele, ile iliyojibana nyuma ya kichwa chini ya uti wa mgongo, ikisaidiwa na bandama inayochuja damu na tezi ya thaimasi iliyo karibu na matamvua. Ndiyo maana ukimpasua samaki mgonjwa, figo na bandama hukueleza mengi kuliko ini.

Kinga yenyewe ina kasi mbili. Ya kwanza ni ile anayozaliwa nayo: chembe nyeupe zinazomeza bakteria na protini za damu zinazowatoboa. Hii hufanya kazi ndani ya saa chache, na kwa samaki ndiyo nguzo kubwa. Ya pili ni kinga ya kujifunza, inayotengeneza kingamwili dhidi ya adui maalumu na kumkumbuka. Hii ni ya polepole, na kasi yake inaamuliwa na joto la maji kwa sababu mwili wa samaki hufuata joto la mazingira yake. Perege kwenye nyuzi 28 anaweza kuwa na kingamwili za kutosha ndani ya wiki mbili au tatu. Traut, samaki wa mito ya baridi, kwenye nyuzi 12 huhitaji mwezi au zaidi. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba kingamwili kuu ya samaki ni ile iitwayo IgM. Mwaka 2005 ikaelezwa nyingine, IgT, na baadaye ikabainika kwamba ndiyo mlinzi mahususi wa utumbo, matamvua na ute wa ngozi. Kwa mfugaji maana yake ni moja: matamvua na utumbo ni viwanja vya vita, na samaki ana jeshi la kudumu huko mradi usiwaharibie mazingira.

Anayeliharibu jeshi hilo ni msongo. Samaki akifukuzwa na wavu, akibanwa kwenye ndoo, akikosa hewa usiku au akikaa kwenye amonia, mwili wake humwaga homoni ya kotisoli. Kotisoli humpa nguvu za kukimbia, lakini hulipia nguvu hizo kwa kupunguza chembe nyeupe kwenye damu na kudhoofisha ute. Msongo wa dakika chache hupita. Ule wa kila usiku, wa oksijeni kushuka alfajiri na kupanda mchana, haupiti, na samaki wa namna hiyo hula vizuri, hukua vizuri, kisha siku moja huanza kufa na mwenye bwawa husema ugonjwa umeingia ghafla.

Hatua ya kwanza: pima maji kwa saa zake

Kupima maji saa 4 asubuhi ni kujidanganya, na ndiyo saa wanayopenda wengi. Oksijeni hupimwa kabla ya jua kuchomoza, kwa sababu usiku kucha mwani, samaki na matope vimekuwa vikiitumia bila kuirudisha. Lenga miligramu 5 kwa lita au zaidi. Ikishuka chini ya 3 kila alfajiri, kinga ya samaki wako inaliwa hata kama hujaona hata mmoja aliyekufa. Kumbuka pia kwamba maji ya moto hubeba oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 20 yaliyoshiba huwa na takriban miligramu 9 kwa lita, kwenye nyuzi 30 takriban 7.5 tu, na hapo ndipo samaki anahitaji zaidi na bakteria wanazaana haraka.

Amonia fanya kinyume: ipime alasiri, saa 9 au 10. Kipimo cha kawaida hukupa amonia yote kwa pamoja, lakini inayodhuru hasa ni ile iliyo katika hali ya gesi, na kiasi chake hutegemea pH, yaani kipimo cha asidi au ualkali wa maji. Kwenye nyuzi 25 na pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia yote ndiyo sumu. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 hupita theluthi moja. Mchana wa jua kali mwani hupandisha pH, kwa hiyo bwawa lile lile, lenye amonia ile ile, huwa salama asubuhi na sumu alasiri. Jitahidi sehemu hiyo ya sumu isivuke miligramu 0.05 kwa lita. Ikivuka, dawa ya kwanza ni kupunguza chakula, kwa sababu amonia hutoka kwenye protini unayomwaga kila siku.

Naitraiti, kemikali inayotokea amonia inapovunjwa na bakteria, huwatesa zaidi wafugaji wa matangi yanayozungusha maji. Dalili yake ni damu na matamvua yenye rangi ya kahawia, na chumvi ya kawaida husaidia kwa sababu kloridi hushindana na naitraiti kwenye mlango wa matamvua.

Neno moja kwa wanaofuga kambale. Kambale ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu, basi watu husema kambale haulizi maji. Hawezi kufa kwa kukosa hewa upesi, ni kweli, lakini ngozi yake haina magamba na matamvua yake bado yanakaa kwenye uchafu ule ule. Vifaranga wake hufa kwa bakteria wa matamvua kwa maelfu ndani ya siku mbili, na kabla ya kiungo hicho kukomaa wanahitaji oksijeni ya majini kama samaki mwingine yeyote.

Hatua ya pili: zuia mlangoni

Hapa ndipo tunapokutana na wale wanaoletwa. Streptococcus agalactiae kwa perege, Francisella orientalis kwa perege, Edwardsiella ictaluri kwa jamii fulani za kambale: hawa husafiri ndani ya samaki anayeonekana mzima. Vifaranga wapya wakae peke yao wiki mbili kwa uchache, na mwezi ukiweza, kwenye tangi lenye wavu wake, ndoo yake na maji yasiyorudi kwenye mabwawa. Wahudumie mwisho, baada ya kumaliza wengine, si mwanzo. Usiwapulize dawa "ya kinga" wakati huo. Ukiwafunika kwa antibayotiki wakiwa karantini, umezificha dalili ulizowaweka pale uzione.

Kila bwawa liwe na wavu wake. Ukishindwa, wavu uoshwe, ukae kwenye maji ya klorini, usuuzwe, na uanikwe juani hadi ukauke kabisa hadi kwenye mafundo. Kukauka huko ndiko kunakomaliza kazi. Bwawa likivunwa likaushwe hadi matope yapasuke, kisha limwagiwe chokaa iliyochomwa, gramu 100 hadi 150 kwa kila mita ya mraba, hasa kwenye madimbwi yaliyobaki. Chokaa hiyo hupandisha pH kiasi cha kuua, kwa hiyo usiitie kamwe bwawani penye samaki, na subiri pH ishuke chini ya 9 kabla ya kuweka wengine.

Hatua ya tatu: chakula na mikono

Chakula nitakisema kwa ufupi. Samaki wengi hawawezi kujitengenezea vitamini C, wanaitegemea kwenye chakula, nayo huharibika kwa joto na muda. Mfuko uliokaa miezi sita kwenye stoo yenye joto unashibisha tumbo tu. Kambale anayepasuka fuvu, ambaye wengi humpa antibayotiki, mara nyingi huhusishwa na upungufu huo. Chakula chenye ukungu kitupwe, hata kama ni mfuko mzima: sumu ya ukungu, aflatoksini, huharibu ini na kushusha kinga. Viongezeo kama beta-glukani ya hamira vinaweza kuiamsha kinga ya asili kwa muda, na mimi huvitumia wiki moja kabla ya kuhamisha samaki. Havifuti maji mabaya, na anayekuuzia kwa maneno hayo anakuuzia matumaini.

Mikono ina kanuni chache lakini zinavunjwa kila siku. Usilishe kwa saa 24 kabla ya kuvua, kuchambua au kusafirisha. Fanya kazi hiyo asubuhi mapema baada ya oksijeni kupanda kidogo, kabla ya jua kali. Lowesha kila kitu kinachomgusa samaki. Usikokote kokoro mara tatu siku moja kwa sababu mnunuzi anasubiri. Maji ya kusafirishia yawe na chumvi gramu 1 hadi 3 kwa lita: humpunguzia samaki kazi ya kusawazisha chumvi za mwili, na pia huwabana bakteria wa Flavobacterium columnare, wanaoleta ugonjwa uitwao columnaris. Kisha hesabu siku. Columnaris huonekana siku ya kwanza hadi ya tatu baada ya kushikwa, vidonda vya bakteria wa Aeromonas baada ya siku kadhaa. Ukiandika tarehe ya kila uvuaji kwenye daftari, nusu ya milipuko "isiyojulikana ilikotoka" itajieleza yenyewe.

Chanjo: inafaa lini?

Jaribio la kwanza mashuhuri la kuchanja samaki lilichapishwa mwaka 1942, traut wakilishwa bakteria waliouawa. Chanjo ya kwanza ya kibiashara ilipata leseni Marekani mwaka 1976, dhidi ya Yersinia ruckeri, bakteria wa traut. Mfano unaonishawishi zaidi hata hivyo unatoka baharini: Norwei ilitumia zaidi ya tani 40 za antibayotiki kwa samaki wake mwaka 1987, kisha chanjo za sindano za samoni zikaenea na matumizi yakaanguka, hadi leo ni chini ya tani 1 kwa mwaka ilhali uzalishaji umeongezeka mara nyingi.

Kwa perege, chanjo ya streptokoki, yaani bakteria wa Streptococcus, hudungwa tumboni samaki akiwa na gramu 15 au zaidi. Ya kuchovya hutumika kwa wadogo lakini kinga yake ni fupi. Mambo mawili huwaangusha watu. La kwanza, aina. Streptococcus agalactiae wa samaki wana aina ndogo Ia, Ib na III, na chanjo ya moja inaweza isizuie nyingine, kwa hiyo maabara lazima itangulie chanjo. La pili, muda. Kuchanja bwawa ambalo tayari lina vifo ni kuwashika wagonjwa, kuwaongezea kotisoli na kuwagawia bakteria kwa sindano ile ile. Chanja wazima, wanaokula vizuri, mwezi mmoja kabla ya msimu wa joto unaokusumbua.

Asubuhi ya vifo

Umefika bwawani, wamekufa 14. Jana walikuwa 6, juzi 2. Usikimbilie stoo.

Kwanza isome namna wanavyokufa. Wanaokufa wachache wachache, idadi ikipanda siku hadi siku, hapo bakteria ni watuhumiwa halali. Waliokufa wengi usiku mmoja, wakubwa wakitangulia, huku wadogo wakihema juu ya maji, hiyo ni oksijeni. Wote wa kila aina na ukubwa, mchana kweupe, pamoja na vyura na wadudu wa majini, fikiria sumu iliyoingia na maji. Mimi mwenyewe niliwahi kutia antibayotiki kwenye chakula siku nne mfululizo kwa sababu niliona mapezi mekundu. Vifo vikaongezeka. Rafiki aliyekuja na kipimo alfajiri ya siku ya tano alinisomea oksijeni ya 1.2. Mapezi mekundu yalikuwa matokeo, nami nilikuwa namlisha dawa samaki asiye na pumzi ya kuimeng'enya.

Kwa hiyo fanya haya, kwa mpangilio huu: pima oksijeni, joto, pH, amonia na naitraiti. Simamisha chakula siku hiyo. Washa kipuliza hewa au ingiza maji safi. Toa maiti wote, mara mbili kwa siku, kwa sababu wenzao huwala na streptokoki husambaa kwa njia hiyo. Wazike mbali na maji kwa chokaa au wachome. Funga njia za maji kwenda mabwawa mengine. Kusimamisha chakula peke yake huwa kunapunguza vifo vya streptokoki na Edwardsiella, na hakuna gharama.

Sasa mtafute mgonjwa aliye hai. Maiti hafai. Kwenye maji ya joto, bakteria wa utumbo huvamia mwili mzima ndani ya saa moja au mbili, na maabara itakuletea jina la mchafuzi badala ya muuaji. Chukua watatu hadi watano wanaojitenga, wanaozubaa ukingoni au wanaozunguka.

Kumpasua samaki

Muue kwa pigo moja thabiti kichwani juu ya macho. Weka kwenye sinia nyeupe, mwanga wa kutosha, glavu mikononi.

Anza na matamvua kabla hayajakauka. Kata kipande kidogo, weka tone la maji juu ya kioo, tazama kwenye hadubini. Ukiona fimbo ndefu nyembamba zinazoteleza polepole na kujikusanya kama vichuguu vya nyasi, umempata columnaris bila maabara. Ukiona minyoo yenye kulabu au viduara vinavyozunguka kama gurudumu, adui wa kwanza ni vimelea, na bakteria amefuata jeraha lao. Antibayotiki haitagusa minyoo.

Kisha fungua tumbo: mkasi uingie mbele kidogo ya tundu la haja, uende mbele katikati ya tumbo hadi chini ya matamvua, halafu upande juu na kurudi nyuma, uondoe ubavu mzima kama kifuniko. Usitoboe utumbo. Maji ya rangi ya damu yakimwagika, yaandike. Nyongo iliyojaa na kuwa kubwa, utumbo mtupu, maana yake hajala siku kadhaa, na hilo litakuwa muhimu tutakapofika kwenye dawa. Bandama ya mzima ni nyekundu nzito yenye kingo kali. Iliyovimba huwa na kingo za mviringo. Ikiwa imejaa punje nyeupe kama mchanga, na figo vilevile, fikiria Francisella, au mycobacterium, bakteria wa jamii ya kifua kikuu, kwa samaki wa umri mkubwa. Figo utaiona ukiondoa kibofu cha hewa, utepe mwekundu uliolala chini ya uti wa mgongo. Mwisho fungua fuvu. Ubongo uliojaa damu kwa perege aliyekuwa akizunguka ni ushahidi mzito wa streptokoki.

Kuwatofautisha kwa macho

Streptococcus agalactiae hupenda maji ya zaidi ya nyuzi 27 na samaki wakubwa, wale uliokwisha kuwalisha miezi. Macho hutoka au hufunikwa na ukungu, mwili hujikunja kama herufi C, samaki huzunguka kwenye mhimili wake kama pia. Ndugu yake, Streptococcus iniae, ana historia ya ajabu: alitambuliwa mwaka 1976 kwenye majipu ya pomboo wa mto Amazon aitwaye Inia, akachukua jina lake, kisha akaja kuonekana kwa samaki wa kufugwa sehemu nyingi za dunia.

Aeromonas hydrophila na Aeromonas veronii ni mabingwa wa kuvizia. Madoa ya damu kwenye ngozi na chini ya mapezi, vidonda, magamba yaliyosimama, tumbo la maji. Ukiwakuta, uliza kilichotangulia: uvuaji, baridi ya ghafla, msongamano au vimelea.

Columnaris hushambulia nje: matamvua yanayooza kwa rangi ya njano na kahawia, na lile baka mgongoni kama tandiko. Kwa vifaranga hana subira. Francisella ni kinyume cha streptokoki: huja maji yanapopoa chini ya nyuzi 25, samaki huchoka, hukonda, hufa taratibu. Edwardsiella ictaluri huua kambale wa jamii fulani kwenye nyuzi 22 hadi 28, na kwa baadhi hutoboa tundu utosini.

Dalili hizi hupishana sana. Macho yaliyotoka huonekana kwa streptokoki, Aeromonas na Francisella vilevile. Kwa hiyo peleka samaki maabara wakiwa hai kwenye mfuko wenye oksijeni, au wafie mikononi mwako na wafike ndani ya saa chache juu ya barafu, wakiwa ndani ya plastiki ili wasiguse maji ya barafu. Usiwagandishe kama unataka bakteria waoteshwe. Omba waoteshe kutoka kwenye ubongo na figo ya mbele, si kidonda tu, na omba kipimo cha dawa zipi zinamuua bakteria huyo. Columnaris na Francisella hawaoti vizuri kwenye chakula cha kawaida cha maabara, waambie mapema unawashuku.

Dawa, kwa hesabu

Antibayotiki huandikwa na daktari wa mifugo au mtaalamu wa afya ya samaki, kwa dawa iliyoruhusiwa kwa samaki wa chakula. Kloramfenikoli imepigwa marufuku kwa wanyama wa chakula katika nchi nyingi, na haina nafasi hapa. Kumwaga antibayotiki bwawani ni kuwafundisha usugu bakteria wote wa matope. Dawa hupitia kwenye chakula.

Hesabu inakwenda hivi. Una perege 2,000 wa wastani wa gramu 150: kilo 300 za samaki. Daktari ameandika florfenikoli miligramu 10 kwa kilo kwa siku, siku 10. Kila siku ni gramu 3 za dawa yenyewe. Unga ulionao una nusu dawa na nusu kijazio? Basi gramu 6 za unga. Sasa jambo linalosahauliwa: watakula kiasi gani? Kawaida walikuwa wanakula asilimia 2 ya uzito, kilo 6. Wakiwa wagonjwa wanamaliza kilo 3. Ukichanganya gramu 6 kwenye kilo 6, wamepata nusu dozi, na nusu dozi huzaa usugu. Changanya zote kwenye kilo 3, funika kwa mafuta kidogo ya kula ili isiyeyuke majini, kausha kivulini, walishe hicho kwanza kabla ya kitu kingine.

Na wale wenye utumbo mtupu uliowaona mezani? Hao dawa haitawafikia. Dawa ya kwenye chakula huwaokoa ambao bado wana hamu ya kula, kwa hiyo ukichelewa siku tano huna wa kumtibu. Vifo vikipungua siku ya nne, endelea hadi ya kumi. Visipopungua kabisa hadi siku ya tano, rudi kwa daktari na majibu ya maabara, usiongeze dozi kwa kichwa chako. Kisha hesabu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kuvuna.

Chumvi na pamanganeti, dawa ya kuua vijidudu inayotiwa majini, ni kwa columnaris ya nje. Chumvi inawezekana kwenye tangi. Kwenye bwawa la mita za ujazo 500, gramu 1 tu kwa lita ni kilo 500, jambo ambalo wanaoandika "tia chumvi" hawajawahi kulibeba mgongoni. Pamanganeti ya potasiamu hutumika miligramu 2 kwa lita, lakini bwawa la kijani huila dawa hiyo haraka: maji yakigeuka kutoka waridi kuwa kahawia ndani ya saa chache, haijafanya kazi.

Baada ya mlipuko

Linda mikono yako. Streptococcus iniae iliwaambukiza watu waliokuwa wakishughulikia samaki wabichi huko Toronto kati ya 1995 na 1996, ikiingilia kwenye michubuko midogo ya mikono. Mwaka 2015 Singapore ilipata mlipuko wa Streptococcus agalactiae kwa watu waliokula samaki wa maji baridi wakiwa wabichi. Mwiba wa pezi ukikuchoma na mkono ukavimba, mwambie daktari wako kwamba unashika samaki. Hilo hubadilisha anachotafuta.

Samaki waliopona streptokoki au Francisella wanaweza kubaki na bakteria mwilini bila dalili. Wakuzwe hadi kuvunwa, wasiuzwe kama mbegu wala kuhamishiwa bwawa lingine, na wasitumike kama wazazi. Bwawa lao lihudumiwe mwisho kila siku hadi likaushwe, na kipuliza hewa kiendelee kuwashwa usiku, kuanzia saa 6 hadi jua litoke, hata pale vifo vitakapokuwa sifuri.